Elfu Moja kwa Ukurasa

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa pale Ediofe.
Mimi, mpiga chapa wa mtaa wa Oli, naongeza:
kuuliza ni kujivua.
Miaka tisa fomu za vyuo vya biashara
zinapita mikononi mwangu,
elfu moja kwa ukurasa, elfu mbili jenereta ikinguruma,
na sijavuka lango la chuo hata kimoja.
Ila navijua.
Navijua kama bibi harusi anavyoijua nyumba ya ukweni
kwa swali la kwanza la mama mkwe:
Unajua kupika?
Au: Umekula?

Kuna chuo kinachouliza, Umeongoza watu wangapi?
Wangapi. Si kwenda wapi, wala kama walifika.
Basi naliona darasa lao: viti vimepanda ngazi,
na wa mbele ana saa kubwa mkononi.

Kuna kingine: Kwa nini sisi, si wengine?
Maneno mia tano, yasipungue.
Maskini, kinapenda kioo.
Candia wa benki alikisifu kurasa mbili nzima;
nikabadilisha jina la chuo mara nne
na sifa zikakaa kila mahali bila kubana.

Na kile cha ng'ambo: Simulia ulivyoshindwa.
Hicho nilikipenda, kwa siku moja.
Kisha nikauona mstari wa chini, herufi za sisimizi:
ulijifunza nini, na matokeo yake kwa takwimu.
Kumbe wanamtaka mtu aliyeanguka
juu ya godoro.

Jumanne akaja Afekuru, muuza angara,
mikono ikinuka Panyimur,
digrii yake ya masomo ya wikendi
imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.
Fomu ilikuwa ile ya ng'ambo.
Akaketi, akanisomea imla kutoka kichwani:

"Mwaka ule barabara ilikatika kabla ya Pakwach.
Magunia kumi na manne yakaoza ndani ya lori.
Mkopo ulikuwa wa kikundi, wanawake kumi na mmoja.
Mama Ezaruku aliuza mbuzi wake kulipa sehemu yangu.
Hanisalimii hadi leo."

Akanyamaza. Nikangoja.
Mashine ikahesabu: maneno thelathini na manne
kati ya mia nne.
"Na funzo?" nikamwuliza.
"Funzo gani? Barabara ilikatika."

Mimi ni fundi, nawajua wateja wa mteja wangu.
Vidole vikaanza vyenyewe: usimamizi wa hatari,
mnyororo wa thamani, ustahimilivu…
Akanishika kiganja, si kwa nguvu.
"Hawa wanaouliza," alisema,
"wamewahi kudaiwa na jirani
ambaye hawadai?"

Hilo halimo kwenye fomu.
Nimezipekua zote kichwani, za Kampala, za Nairobi,
za miji yenye theluji. Halimo.

Umeme ukaondoka, kama desturi yake saa kumi.
Nikawasha jenereta; hakulalamikia bei.
Lilibaki swali la mwisho, lile la hiari,
ambalo wengi huliruka kama dimbwi:
Je, kuna jambo ambalo hatukuuliza?
Kila chuo kinaliweka mwishoni kabisa,
mlango wa uani, wa kutolea majivu.

"Hapo," akasema Afekuru, "andika Mama Ezaruku."
"Halafu?"
"Basi."

Nikaandika. Maneno mawili na nukta,
na chini yake weupe wa ukurasa mzima.
Nilifuta usimamizi wa hatari. Ustahimilivu pia.
Nikamdai elfu mbili, ukurasa ni ukurasa.
Akazihesabu sarafu mara mbili juu ya meza,
akatoka bila kuuliza kama watamchukua.

Zilinuka samaki hadi Ijumaa.